Ajali ya Salei na Maisha Mafupi ya Michael Grzimek

Neno ajali limo vinywani mwetu kila siku, na huenda ndiyo sababu tumesahau lilikotoka. Katika Kiarabu neno hilo ni muda wa mja, saa yake aliyopangiwa na Mola wake. Kwetu sisi Waswahili limepanuka, likawa pia ni gari lililopinduka, jahazi lililozama na nguzo iliyoanguka. Kwa kuwa maana zote mbili zinakaa ndani ya neno moja, imekuwa rahisi mno kwa mwenye dhamana, pindi anapoulizwa juu ya maafa yaliyotokea chini ya mamlaka yake, kujibu kwamba ajali haina kinga, kisha akafunga jalada na kurudi nyumbani kula chakula cha mchana.

Leo tunapenda kumkumbuka kijana mmoja wa Kijerumani aliyefariki katika nchi yetu tarehe 10 Januari 1959, akiwa na umri wa miaka 24, baada ya ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha peke yake kuanguka katika mbuga ya Salei, mashariki ya Serengeti. Jina lake ni Michael Grzimek. Wenzetu wa Arusha na Mara wanalijua jina hili, na maelfu ya wageni husimama kila mwaka mbele ya kaburi lake. Huku visiwani wanaolijua ni wachache. Hata hivyo sisi, ambao ndugu zetu husafiri kila siku kwa ndege ndogo baina ya Unguja, Pemba, Mafia na Dar es Salaam, tuna sababu kubwa zaidi ya kuyasoma maisha yake na hasa namna yalivyokatika.

Michael alizaliwa mjini Berlin tarehe 12 Aprili 1934. Baba yake, Bernhard Grzimek, alikuwa daktari wa mifugo, na vita vilipokwisha mwaka 1945 alikabidhiwa bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt. Mji ulikuwa umepigwa mabomu, na bustani yenyewe ilikuwa magofu yenye wanyama wa kuhesabika. Daktari Grzimek aliijenga upya na kuiongoza hadi mwaka 1974. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo hakuhitaji kufundishwa kupenda wanyama, kwani aliwakuta wanyama ndani ya nyumba kama vile mtoto wa Tumbatu anavyokuta nyavu na makasia. Akiwa bado kijana alianza kupiga picha na kutengeneza filamu, kisha akaingia chuo kikuu kusomea elimu ya viumbe. Alioa mapema, na alifanya kazi kwa haraka kama mtu anayefukuzwa. Si vyema kusema kwamba alijua siku zake ni chache, kwani hakuna ajuaye. Lakini waliofanya kazi pamoja naye walimwona kuwa mtu asiyependa kukaa.

Baba na mwana walikwenda Kongo, iliyokuwa koloni la Wabelgiji, na matokeo ya safari hizo yakawa kitabu cha baba na baadaye filamu ya mwana juu ya wanyama wa porini kukosa mahali pa kuishi. Filamu hiyo ilituzwa katika tamasha la Berlin mwaka 1956. Iliingiza fedha nyingi kuliko walivyotarajia, na jambo la kusifiwa ni kwamba hawakuzitumia kujenga majumba. Walitaka kuitolea serikali ya Tanganyika sehemu ya fedha hizo ili inunue ardhi na kuiongeza katika hifadhi ya Serengeti.

Hapa msomaji wetu ataruhusu tusimame kidogo. Wazungu wawili wanataka kununua ardhi ya Tanganyika kutoka kwa serikali ya Wazungu wengine, na mwenye ardhi hajaulizwa. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukoloni hata ulipokuwa na nia njema. Hata hivyo mkurugenzi wa hifadhi za taifa wa wakati ule, Peter Molloy, aliwapa ushauri wa maana. Aliwaambia kwamba ardhi si tatizo la kwanza. Tatizo la kwanza ni kwamba hakuna ajuaye wanyama wa Serengeti ni wangapi wala wanakwenda wapi mvua zinapokatika. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa kuchora upya mipaka ya hifadhi, kuikata sehemu ya mashariki pamoja na Ngorongoro, nayo ilikuwa inachora kwa kukisia. Basi fedha zile ziende katika kuhesabu.

Kwa kazi hiyo walinunua ndege ya Kijerumani aina ya Dornier 27, yenye injini moja na mabawa yaliyo juu ya chumba cha rubani, ambayo ina sifa ya kuweza kuruka polepole sana na kutua mahali pafupi. Herufi za usajili wake zilisomeka kwa Kijerumani kama neno bata. Waliipaka rangi milia kama ya pundamilia ubavuni na mabawani, ili ionekane kwa urahisi endapo itaanguka porini na watu watumwe kuitafuta. Baba, ambaye alikuwa anakaribia umri wa miaka 50, alijifunza urubani pamoja na mwanawe. Mwezi Desemba 1957 waliondoka Ujerumani, wakavuka bahari na jangwa, na mwanzoni mwa mwaka 1958 wakawa Serengeti, mahali panapoitwa Banagi.

Tukumbuke mwaka huo ulikuwa mwaka gani. Mwezi ule ule wa Januari 1958, TANU ilikutana Tabora na kukata shauri gumu la kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Huku visiwani, Chama cha Afro-Shirazi kilikuwa hakijatimiza mwaka mmoja tangu kuzaliwa, na tayari kilikuwa kimepita katika uchaguzi wa Julai 1957. Nchi nzima ilikuwa inahesabu watu wake na kuuliza nani mwenye sauti. Kule Serengeti vijana wawili watatu na mzee mmoja walikuwa wanahesabu nyumbu. Hatusemi hivyo kwa kudharau, maana uhuru ulipofika nchi ilihitaji hesabu zote mbili.

Namna yao ya kuhesabu ilikuwa hivi. Waliigawa mbuga katika vipande, wakapita juu yake kwa mistari iliyo sambamba, rubani akishika mwelekeo na wengine wakitazama nje, huyu kulia na yule kushoto, wakiandika idadi ya kila kundi. Kundi likiwa dogo, huhesabiwa mmoja mmoja. Likiwa kubwa, huhesabiwa sehemu yake na kukadiriwa iliyobaki. Kazi hii haiwezekani kutoka juu sana. Swala mdogo aliyelala katika majani makavu haonekani kutoka mita elfu moja. Kwa hiyo walilazimika kuruka chini, mara nyingi mita 100 au pungufu, saa baada ya saa, katika joto na upepo unaoitikisa ndege kama dau katika mkondo wa Nungwi. Hatari ya kimo hicho haikuwa mchezo wala maringo, ilikuwa ndani ya kazi yenyewe.

Mwisho wa hesabu walipata wanyama wakubwa wapatao 367,000, na kati yao nyumbu walikuwa hawafiki 100,000. Ilikuwa idadi ndogo kuliko ilivyokuwa ikisemwa. Hesabu zilizofanywa na wataalamu wengine mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilipata nyumbu zaidi ya mara mbili, na leo wajuzi wanakubali kwamba akina Grzimek waliwakosa wengi. Hilo haliondoi sifa yao. Aliyetangulia kupima kisima hawezi kulaumiwa kwa ufupi wa kamba yake, naye aliyekuja baadaye na kamba ndefu alikikuta kisima kimekwishaonyeshwa.

Jambo kubwa zaidi walilolipata halikuwa idadi. Walifuatilia makundi mwaka mzima, wakawakamata baadhi ya wanyama na kuwavisha alama za rangi shingoni ili watambulike kutoka angani, wakachukua majani na udongo kwenda kupimwa. Ikadhihirika kwamba wanyama hawa hawakai ndani ya mistari ya ramani. Mvua zinaponyesha huwa katika mbuga za mashariki, ambako majani mafupi yana rutuba ya majivu ya volkano. Kiangazi kinapoingia hufuata maji kuelekea magharibi na kaskazini. Mpaka mpya uliokuwa unapendekezwa uliwaacha nje kwa miezi mingi ya mwaka. Kwa maneno mengine, serikali ilikuwa inajenga zizi na kumwacha ng'ombe nje.

Mwaka 1959 mpaka ulibadilishwa hata hivyo. Ngorongoro ilitengwa na kuwa na mamlaka yake, sehemu ya kaskazini hadi mpaka wa Kenya ikaongezwa, na Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti wakahamishwa, wengi wao wakielekezwa Ngorongoro. Katika maandishi ya baba na mwana, Mmasai anaonekana mara nyingi kama mtu aliyezidi mahali pake. Hatuwezi kulipita hilo kimya. Watu wale walikuwa wameishi pamoja na wanyama hao tangu kabla ya mtu yeyote wa Frankfurt kulijua jina la Serengeti. Suala la nani akae Ngorongoro halijafungwa hata sasa, na tangu mwaka 2022 baadhi ya wakazi wake wamekuwa wakihamia Msomera, wilayani Handeni. Afisa anayeshughulikia jambo hilo atafanya vizuri akisoma jinsi mambo yalivyofanywa mwaka 1959, na ahadi zilizotolewa wakati ule.

Kuna na jambo jingine ambalo wapenzi wa wanyama hawapendi kulitaja. Nyumbu wa Serengeti walifikia kiasi cha milioni moja na laki tatu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kilichowafikisha hapo hakikuwa mpaka wala filamu peke yake. Kwa miaka mingi ugonjwa wa sotoka ulikuwa ukiwaua ndama wao. Ng'ombe wa wafugaji walipochanjwa kwa wingi katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ugonjwa ulikatika kwa nyumbu vile vile, nao wakaongezeka. Mabwana mifugo waliotembea kwa miguu na masanduku ya chanjo hawakujengewa mnara. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imekwisha duniani kote, nao walikuwa na fungu lao katika ushindi huo.

Tuirudie Salei. Mbuga hiyo imekaa baina ya milima ya Gol na mlima wa moto wa Ol Doinyo Lengai. Katika magenge ya Gol wanaishi tumbusi wakubwa, wale tai wala mizoga wenye shingo tupu, ambao hutaga mayai yao kwenye kuta za mawe. Jua linapoipasha moto mbuga, hewa hupanda, na tumbusi huyatanua mabawa na kupanda nayo bila kuyapiga, wakizunguka na kutazama chini kama kuna kilichokufa. Lugha yetu imempa kiumbe huyu na chombo kile cha chuma jina moja, ndege, na ni ngeli tu inayotuambia yupi anaruka na ipi inaruka. Wanapokutana angani hakuna ngeli ya kuwatenga.

Siku ile Michael alikuwa hewani peke yake. Filamu ambayo baba na mwana walikuwa wanaitengeneza juu ya Serengeti ilikuwa inakaribia kumalizika. Uchunguzi uliofanywa baada ya ajali ulionyesha kwamba tumbusi aligongana na bawa la kulia. Bawa lilibonyea na kupinda, na nyaya zinazotoka katika usukani kwenda kwenye vibao vya bawa zikakwama. Ndege ikalala upande na kuingia chini, na rubani hakuwa na njia ya kuirudisha. Alifariki pale pale.

Mtu anaweza kuuliza, kiumbe wa nyama na manyoya awezaje kuvunja chombo cha chuma? Tumbusi wa aina hiyo huwa na uzito wa kilo 7 au zaidi. Ndege inayokwenda mwendo wa kilomita 150 kwa saa ikimgonga, pigo lake ni sawa na jiwe la kilo 7 lililoachwa kuanguka kutoka mita 90 juu. Mnazi mrefu sana wa kwetu hauzidi sana mita 20. Basi panga minazi minne, mmoja juu ya mwingine, kisha uachie jiwe kutoka kwenye makuti ya ule wa nne.

Lakini pigo peke yake si hadithi nzima. Ndege nyingi zimegongana na viumbe wa angani zikarudi salama. Mnamo tarehe 29 Novemba 1973, juu ya mji wa Abidjan, tumbusi mmoja aliingia katika injini ya ndege kubwa ya abiria iliyokuwa zaidi ya mita 11,000 juu. Injini ile iliharibika, na ndege ikatua bila kupoteza mtu. Rubani wa Abidjan alikuwa na injini nyingine, na zaidi ya hilo alikuwa na kimo.

Kimo kwa rubani ni muda. Jiwe likiachwa kutoka mita 1,000 litachukua sekunde 14 hivi kufika chini. Likiachwa kutoka mita 100 litachukua sekunde 4 na nusu. Katika sekunde 14 mtu aliyefunzwa anaweza kutambua kilichotokea, kujaribu njia moja, ikishindikana akajaribu nyingine. Katika sekunde 4 hapati hata muda wa kutamka shahada. Ndege inayoruka chini inabeba hatari nyingine pia. Huko ndiko waliko tumbusi, kunguru na mwewe kwa wingi, ndiko iliko miti, milingoti na nyaya za umeme, na ndiko upepo unakovurugwa na vilima. Tena rubani anayetazama kitu ardhini hujikuta anageuka kwa pembe kali ili asikipoteze, na katika mgeuko huo bawa linaweza kuacha kubeba uzito. Juu hilo ni kosa linalosahihishwa. Chini halina dawa.

Mwenzake mwingine wa zamani alikufa kwa safari za namna hiyo hiyo. Mwaka 1931 Mwingereza Denys Finch Hatton, mwindaji aliyekuwa akitumia ndege ndogo kutafuta tembo kutoka angani, alianguka na kuungua huko Voi tarehe 14 Mei, muda mfupi tu baada ya kuruka. Vitabu vimeandikwa juu yake na sinema imetengenezwa. Ndani ya ndege ile alikuwamo pia mtumishi wake Mkikuyu, naye alikufa vile vile, na wengi wanaoijua habari ya bwana hawajapata kusikia habari ya mtumishi.

Kwa sababu hizo sheria ya kimataifa ya usafiri wa anga inakataza rubani kushuka chini ya mita 150 juu ya ardhi au maji, na juu ya miji na mikusanyiko ya watu inamtaka awe mita 300 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote kilicho karibu, isipokuwa anaporuka au kutua, au anapokuwa na idhini maalumu kwa kazi maalumu. Kazi ya akina Grzimek ilikuwa ya namna hiyo ya mwisho. Kuhesabu wanyama, kunyunyiza dawa ya nzige, kutafuta manusura baharini, kukagua misitu ya mikoko, hizi ni kazi zinazomlazimisha mtu kushuka. Kumpitisha mgeni juu ya mwambao ili apige picha ya watu waogeleao si kazi ya namna hiyo, hata kama mgeni amelipa vizuri na rubani ni kijana hodari. Anayetoa idhini na ayapambanue mambo hayo mawili kabla ya kutia saini.

Sisi wa visiwani hatuna tumbusi wa Gol. Tuna kunguru. Walitolewa Bara Hindi na kuletwa Unguja katika miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, eti waje kula taka za mji. Walikula taka, wakala na vifaranga na mayai ya ndege wa asili, wakavuka hadi mwambao wa bara, na hadi leo kila jaa la taka ni soko lao. Kunguru hafiki hata nusu kilo, lakini huruka kwa makundi, nako ni hapo hapo ndege zinapopanda na kushuka, ambapo kila rubani yuko chini kwa lazima na hana sekunde za ziada. Jaa likiwekwa karibu na kiwanja cha ndege, kunguru wamealikwa. Dimbwi likiachwa pembeni ya njia ya kurukia, koikoi na korongo wamealikwa. Aliyeruhusu jaa, aliyeacha nyasi zirefuke na aliyeliona kundi asitoe taarifa hawawezi baadaye kusimama msibani na kusema ajali haina kinga.

Mwandishi wa safu hii alikaa chuoni kabla ya kukaa skuli, na mwalimu wetu alikuwa mkali kwa jambo hili. Tulifundishwa kwamba mtu humfunga ngamia wake kwanza, ndipo akamtegemea Mungu. Hatukuwa na ngamia, kwa hiyo mwalimu aliligeuza fundisho kwa ngalawa: nanga kwanza, dua baadaye. Saa ya Michael Grzimek iliandikwa na Aliyeiandika, na hatuna neno juu yake. Kimo cha ndege, mahali pa jaa na saini ya idhini vimeachwa mikononi mwetu, na tutaulizwa kwavyo.

Ni haki pia kusema kwamba Michael hakuwa mzembe. Alikuwa amevuka Bahari ya Mediterania na majangwa na chombo kile kidogo, na alikuwa ameruka juu ya Serengeti kwa sehemu kubwa ya mwaka. Pengine hapo ndipo penye somo gumu kuliko yote kwa marubani na kwa wakuu wao. Mzoefu huizoea hatari hadi ikamwonekea kama sehemu ya mandhari. Siku ya kwanza mita 100 huonekana chini sana, siku ya mia huonekana kawaida, na tumbusi hajui kwamba hii ni siku ya mia.

Michael alimwacha mkewe Erika na mtoto mdogo wa kiume, na mtoto wa pili akazaliwa baada ya kifo cha baba yake. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mahali penye upepo na ukungu, na juu ya kaburi ikajengwa piramidi ndogo ya mawe. Baba yake hakuiacha kazi. Aliimaliza filamu na kuandika kitabu, vyote viwili kwa jina linalosema Serengeti isife, na mwaka 1960 filamu hiyo ikapata tuzo ya Oscar huko Marekani kwa filamu za kweli. Kitabu kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Kwa kumbukumbu ya mwanawe, maabara ilianzishwa Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kutoka hapo ikachipua taasisi ya utafiti ya Seronera, ambako vijana wa Kitanzania wamejifunza kuhesabu wanyama wa nchi yao wenyewe.

Wako waliodhani kwamba Mwafrika akipata uhuru atawamaliza wanyama kwa mshale na bunduki, na mzee Grzimek mwenyewe alikuwa na wasiwasi huo. Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa, Mwalimu Nyerere alitoa tamko Arusha la kuahidi kwamba wananchi wataulinda urithi huo kwa ajili ya watoto wao, huku akiomba msaada wa ujuzi na fedha kutoka nje. Mwaka 1963 chuo cha Mweka kilifunguliwa chini ya mlima Kilimanjaro kufundisha Waafrika uhifadhi. Hifadhi mpya zikatangazwa moja baada ya nyingine na serikali ambayo ilikuwa haina hata madaktari wa kutosha. Mzee yule aliyaona hayo kwa macho yake, akakubali kwamba wasiwasi wake haukuwa na msingi, na kwa miaka mingi akawa msemaji wa Tanzania katika televisheni ya kwao. Inasimuliwa kwamba aliwatangazia watazamaji safari ya Afrika Mashariki kwa bei nafuu wakati safari hiyo haikuwako kwa wakala yeyote. Watu wakaenda kuiulizia kwa wingi, na mawakala wakalazimika kuianzisha. Hatumsifu kwa uongo, lakini faida yake tumeila.

Bernhard Grzimek alifariki Frankfurt tarehe 13 Machi 1987, akiwa na umri wa miaka 77. Majivu yake yaliletwa Tanzania na kuzikwa Ngorongoro, kando ya mwanawe, chini ya mawe yale yale.